Anayeongoza Huteremka wa Mwisho

Katika slalomu, mbio za skii za kuteremka mlima wa theluji ukipinda kati ya nguzo, kuna kanuni moja ambayo kila nikiiona naiona ya kikatili. Mbio ni raundi mbili, na muda wa raundi zote mbili hujumlishwa. Katika Kombe la Dunia, yaani mfululizo wa mbio za msimu mzima, wanaofuzu kwa raundi ya pili ni 30, na hapo mpangilio hugeuzwa: aliyeshika nafasi ya 30 anatangulia, wa 29 anamfuata, hivyo hivyo mpaka aliyeongoza asubuhi anabaki peke yake kileleni. Wenzake wote wameshafika chini. Anasikia mashabiki wakipiga kelele na anajua kabisa kwamba kuna mtu ameteremka vizuri. Theluji kwenye njia yake imeshachimbwa mitaro na skii za waliomtangulia. Halafu zamu yake inafika, na ana muda wa kama dakika moja kulinda kile alichokuwa nacho tangu asubuhi.

Mikaela Shiffrin wa Marekani amekuwa akisimama pale juu, wa mwisho, kwa zaidi ya miaka kumi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Bonde la Ufa, na masomo yakiisha nafundisha wasichana riadha. Theluji naiona kwenye runinga tu. Nilianza kumfuatilia Shiffrin niliposoma kwamba, akiwa tayari bingwa wa Olimpiki, alikuwa anatapika kabla ya mbio. Tangu hapo sijamwacha, kwa sababu sijaona mwanamichezo mwingine aliyeeleza kwa uwazi kiasi hicho yale yanayompata mtu baada ya kushinda.

Wakenya tunaofuatilia skii si wengi, ingawa mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu. Philip Boit alituwakilisha kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998 katika skii za masafa, akamaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na Mnorwei Bjørn Dæhlie, aliyekuwa ameshashinda dhahabu muda mrefu, akamsubiri kwenye mstari wa kumalizia na kumkumbatia. Miaka 20 baadaye Sabrina Simader, mzaliwa wa Pwani aliyekulia Austria, aliibeba bendera yetu PyeongChang na kuteremka milima ile ile aliyokuwa akiiteremka Shiffrin.

Shiffrin alizaliwa Vail, Colorado, mwaka 1995. Baba yake, Jeff, alikuwa daktari wa nusukaputi. Mama yake, Eileen, muuguzi ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa makocha wake. Wote wawili walikuwa wanaskii, na walimlea kwa msimamo ambao ungewashangaza wazazi wengi wenye mtoto wa kipaji: mazoezi mengi, mashindano machache. Hesabu yao ni rahisi kuielewa. Siku ya mashindano mtoto anaamka alfajiri, anasafiri, anasubiri kwenye baridi, na mwishowe anateleza kama dakika mbili. Siku ya mazoezi anarudia pito lile lile kutwa nzima mpaka miguu inalijua yenyewe. Nyumbani watoto walifundishwa kuendesha baiskeli za gurudumu moja ili kujenga usawa wa mwili. Alipohamia Burke Mountain Academy, shule ya skii iliyoko Vermont, aliendelea vivyo hivyo: wenzake wakienda kwenye mbio, yeye mara nyingi alipendelea kubaki na kufanya mazoezi.

Mimi naamini mzizi wa kila kitu uko hapo. Msichana yule alijifunza kupenda kona iliyokatwa vizuri kabla hajajifunza kupenda medali. Kona inategemea yeye: uzito uko wapi, kifundo cha mguu kimekunjwa kiasi gani, ukingo wa skii umeuma theluji lini. Medali inategemea na wengine 29. Huku kwetu mtoto akionyesha mbio tu tunampeleka mashindanoni kila mwisho wa wiki, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kutoka kaunti hadi kanda, na kila akirudi tunamuuliza swali moja: umekuwa wa ngapi?

Kabla ya slalomu hakuna anayeruhusiwa kuijaribu njia. Wanaskii hupewa muda wa kuikagua tu, na ukaguzi huo ni jambo la kutazamwa kwa makini. Wanashuka polepole kando ya nguzo, skii zimekaa kwa upande, wanasimama, wanarudisha macho juu, wanashuka tena kidogo. Kila geti, yaani nafasi ya kupita kati ya nguzo, linakaririwa: hapa mteremko unavunjika ghafla, hapa nguzo tatu zimepangwa mstari mmoja, hapa kuna kivuli na barafu. Baadaye kule juu utamwona Shiffrin amefumba macho, mikono yake ikipinda kulia na kushoto mbele ya kifua, kiuno kikifuata. Anaiteremka njia nzima kichwani. Na kati ya raundi ya kwanza na ya pili, wakati wengine wanatembea huku na huku, yeye anajulikana kwa kutafuta kona na kulala usingizi.

Njia hiyo ilimfikisha mbali mapema sana. Kombe la Dunia aliliingia mwaka 2011 akiwa na miaka 15. Akashinda mara ya kwanza Åre, Sweden, Desemba 2012. Miezi miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa slalomu, na mwaka 2014 kule Sochi akawa bingwa wa Olimpiki wa slalomu mwenye umri mdogo kuliko wote, miaka 18. Raundi ya pili ya Sochi naipendekeza kwa yeyote ambaye hajaiona. Katikati ya mteremko skii moja ilinyanyuka hewani, uzito ukamrudi nyuma, na kwa kufumba na kufumbua alikuwa mtu anayeanguka. Hakuanguka. Aliurudisha mguu chini, akalipata geti lililofuata, akamaliza na kumshinda Marlies Schild wa Austria kwa sekunde 0.53. Baadaye alieleza kwamba Olimpiki ile alikuwa ameshaicheza kichwani mara nyingi mno, akishinda na pia akianguka. Hiyo sehemu ya kuanguka ndiyo iliyonivutia. Makocha wengi tunawaambia vijana wajione wakishinda, basi. Yeye alikuwa amejiona katika hali zote mbili, kwa hiyo skii iliponyanyuka hakukutana na jambo geni.

Msimu wa 2016 hadi 2017 ndipo kutapika kulipoanza. Kombe la Dunia lilikuwa limeletwa Killington, Vermont, karibu na shule yake ya zamani, na maelfu ya watu walikuja kumtazama yeye. Alianza kupata kichefuchefu pale pa kuanzia, akatapika, na ikawa hivyo mbio kwa mbio. Alipoeleza, alisema hofu yake haikuwa ya mlima wala ya kuumia. Aliogopa kuwaangusha watu waliokuja wakiamini kwamba atashinda. Akamtafuta mwanasaikolojia wa michezo, na msimu huo huo akatwaa taji la jumla la Kombe la Dunia, la mwenye pointi nyingi zaidi msimu mzima, kwa mara ya kwanza.

Ningependa wazazi waisome aya hiyo mara mbili. Alikuwa anatapika na alikuwa anashinda, wiki zile zile. Waliokuwa wakisoma matokeo peke yake wasingejua lolote.

Halafu Olimpiki ya PyeongChang, 2018. Upepo uliahirisha mbio, ratiba ikabanwa, na slalomu mbili zikafuatana. Februari 15 alishinda dhahabu ya slalomu kubwa, ile yenye kasi zaidi. Kesho yake asubuhi, kwenye slalomu ya kawaida ambayo kila mtu alishamkabidhi dhahabu yake, alitapika kabla ya raundi ya kwanza na akamaliza wa nne. Maelezo yake yalikuwa kwamba kupanda na kushuka kwa hisia ndani ya wiki moja kulimmaliza. Maana yake furaha ya jana ilikuwa imemla nguvu za leo. Sijawahi kumsikia mwanariadha wetu akilisema hilo, na nina hakika wengi wamelipitia.

Nimeliona kwa macho yangu. Kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita 1,500, aliyeshinda kaunti bila mtu kumtegemea. Kijiji kikamwimbia, diwani akampa mkono, jina lake likasomwa paredi. Mwaka uliofuata, dakika chache kabla ya fainali hiyo hiyo, nilimkuta nyuma ya choo cha uwanja ameinama, jasho linamtoka na ilikuwa asubuhi ya baridi. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Mwaka jana hakuna aliyekuwa ananijua." Alikuwa mwenye afya na mazoezi yake yalikuwa bora kuliko ya mwaka uliotangulia. Alikimbia mzunguko mmoja na nusu akatoka nje ya njia. Niliyokuwa nayo mkononi kumsaidia ni chupa ya maji.

Msimu wa 2018 hadi 2019 Shiffrin alishinda mbio 17 za Kombe la Dunia. Rekodi ya awali ilikuwa 14, ya Vreni Schneider wa Uswisi, na ilikuwa imedumu miaka 30. Nayapita haya haraka kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaijua.

Februari 2, 2020, baba yake alifariki kwa ajali nyumbani Colorado. Yeye na mama yake walikuwa Ulaya kwenye mbio, wakasafiri na kuwahi kumwona kabla hajakata roho. Jeff ndiye mzee aliyesimama chini ya mlima na kamera yake, anapiga picha na hasemi mengi. Shiffrin alikaa siku 300 bila kushindana. Alirudi Levi, Finland, Novemba, akawa wa pili. Desemba akashinda slalomu kubwa Courchevel, Ufaransa, na akalia. Alikuwa ameshinda mbio 66 za Kombe la Dunia baba yake akiwa hai. Hii ilikuwa ya kwanza ambayo asingeweza kumsimulia.

Wakati mwingine watu husema huzuni humtia mtu nguvu. Mimi siamini, na yeye pia hajawahi kuisimulia hivyo. Alichosimulia ni uchovu, kusahau, kichwa kushindwa kushika mambo ambayo zamani yalijishika yenyewe. Na kwa mtu ambaye kazi yake ni kukariri mageti zaidi ya 50 kwa asubuhi moja, hilo ni pigo kwenye chombo chenyewe cha kazi.

Olimpiki ya Beijing 2022 iliyaleta yote pamoja mbele ya dunia. Februari 7, slalomu kubwa: alitoka nje baada ya mageti machache. Februari 9, slalomu: sekunde chache tu, akatoka tena. Akavua skii, akaketi kando ya njia, kichwa kimeinamia magoti, na kamera ikamganda pale dakika nyingi huku wengine wakiteremka kumpita. Waandishi walipomfikia alisema kwamba sasa anatilia shaka kila alichokijua kuhusu mbio katika miaka yake yote, na kwamba mtu ambaye angependa kumpigia simu wakati huo ni baba yake, naye hayupo. Baadaye aliziweka hadharani jumbe za matusi alizotumiwa na watu wasiomjua.

Nilitegemea afunge mizigo arudi nyumbani. Aliingia mbio zote sita. Super-G, mbio za kasi kuliko slalomu kubwa, alikuwa wa tisa; mbio za mteremko, za kasi kuliko zote, wa 18; katika mbio za pamoja, zinazojumlisha mteremko na slalomu, akatoka nje tena, na mbio za timu wakawa wa nne. Hakuna medali hata moja. Mwezi mmoja baadaye, Courchevel, alishinda mbio za mteremko ambazo si fani yake kuu, na akalitwaa taji la jumla kwa mara ya nne.

Watu wa saikolojia hupenda kuiita hali hii ustahimilivu, na sina ugomvi nao. Ninachokiona mimi ni kitu cha chini zaidi, cha kikazi zaidi: alirudi kwenye kona. Pale Beijing hakuwa na ushindi wa kushikilia, hakuwa na baba wa kumpigia, lakini kukata kona alikuwa bado anajua, japo alikuwa ametangaza kwamba anatilia shaka hata hilo. Mtoto aliyefundishwa kupenda nafasi ya kwanza peke yake angekuwa amebaki mikono mitupu.

Machi 2023 akiwa Åre, mji ule ule wa ushindi wake wa kwanza, alifikisha ushindi wa 86 na kesho yake wa 87. Ile 86 ilikuwa rekodi ya Msweden Ingemar Stenmark na ilikuwa haijaguswa tangu 1989. Stenmark mwenyewe, mtu wa maneno machache, alishatamka kwamba Shiffrin ni bora kuliko alivyokuwa yeye.

Baada ya hapo dunia nzima ikahamia kwenye namba 100. Shiffrin alirudia mara nyingi kwamba hesabu hiyo si yake, lakini unaizuiaje ikiwa kila mwandishi anakuuliza habari yake? Wa 99 aliupata Gurgl, Austria, Novemba 23, 2024. Wiki moja baadaye ilikuwa Killington, pale pale alipoanza kutapika, mahali ambapo tangu wakati huo alikuwa ameshinda slalomu mara sita. Novemba 30, slalomu kubwa, aliongoza raundi ya kwanza. Raundi ya pili alikuwa anaongoza bado, mstari wa kumalizia ukiwa karibu, alipoteleza, akaligonga geti, akapinduka na kujibamiza kwenye wavu wa usalama. Aliondolewa kwa machela ya theluji akiwapungia watu mkono. Kitu chenye ncha kilikuwa kimemtoboa tumboni na kuichana misuli ya ubavuni, karibu kabisa na utumbo. Desemba alifanyiwa upasuaji.

Jeraha lilifunga. Mwishoni mwa Januari 2025 alirudi kwenye slalomu na akawa wa kumi. Slalomu kubwa ndiyo iliyokataa. Ni mbio zenye kasi kubwa zaidi, mageti yako mbali mbali, na mtu hana budi kuukabidhi mwili kwa mteremko kabla hajaona mwisho wa kona. Alieleza kwamba picha za ajali zilimjia akiwa katikati ya njia, na kwamba akili ikitoa amri mwili ulikuwa hauitikii. Akaliita jambo hilo kwa jina lake la kitabibu, kiwewe, akasema anafanya kazi na mwanasaikolojia, na kwenye Ubingwa wa Dunia wa Saalbach, Februari, akajiondoa katika slalomu kubwa aliyokuwa bingwa wake mtetezi. Kwenye ubingwa huo huo, yeye na Breezy Johnson walitwaa dhahabu ya mbio za timu za pamoja, Johnson akifanya mteremko naye slalomu.

Kwangu mimi kujiondoa huku ni tendo zito kuliko medali hiyo ya dhahabu. Bingwa mtetezi, afya ya mwili imerudi, anasimama mbele ya watu na kusema: sitaingia, kwa sababu naogopa na hofu yangu ina sababu. Ningemtaka yule msichana wangu wa mita 1,500 awe ameliona hilo kabla ya fainali yake.

Kisha Sestriere, Italia, mwisho wa wiki mmoja wa Februari. Ijumaa alikuwa wa 25 kwenye slalomu kubwa. Jumamosi, slalomu kubwa tena, hakuingia hata kwenye 30 bora za raundi ya pili. Jumapili, Februari 23, slalomu: akaongoza raundi ya kwanza, akasubiri 29 washuke, akateremka wa mwisho, na akamshinda Zrinka Ljutić wa Croatia kwa sekunde 0.61. Ushindi wa 100. Mtu mmoja, mlima mmoja, na kati ya kushindwa kufuzu na rekodi ambayo katika skii za milimani hakuna mwanamke wala mwanamume mwingine aliyeifikia kuna usiku mmoja. Wanaosema ushindi unamponya mtu waangalie siku hizo tatu kwa mpangilio wake. Jumapili haikuifuta Jumamosi. Alishinda akiwa bado na hofu ile ile ya slalomu kubwa, haijaguswa.

Machi akaongeza wa 101 huko Sun Valley, Idaho, slalomu pia. Slalomu kubwa ilibaki pale pale inamngoja.

Oktoba 2025 msimu mpya ulifunguliwa Sölden, Austria, kwa mbio hizo hizo za slalomu kubwa. Mwenzake wa Marekani, Paula Moltzan, akawa wa pili. Shiffrin akawa wa nne. Nilikuwa nimeketi mbele ya simu tangu raundi ya kwanza, na nilichotazama ni viuno na magoti, kama ninavyowatazama wasichana wangu wakirudi mazoezini baada ya kuumia: anajiachia au anajizuia? Kwenye mageti ya juu alijizuia kidogo. Kwenye mteremko mkali aliachia. Nafasi ya nne haina jukwaa wala haiongezi chochote kwenye 101, na nimeihesabu kati ya mbio zake kubwa.